Kompyuta Ikikataa Programu ya Printa: Msimfukuze Askari



Kuna swali moja ambalo limekuwa likiturudia kila tunapozunguka vikundi, kuanzia Kitale na Kiminini mpaka kule Webuye na Bungoma mjini. Kikundi kimepata kompyuta, mara nyingi ya mtumba. Fundi ameweka Linux ndani yake kwa sababu haina gharama ya leseni, na pia kwa sababu Microsoft iliacha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kubeba Windows 11. Mpaka hapo mambo ni mazuri. Halafu kikundi kinanunua printa, na ndipo taabu inapoanza.

Mtu anajaribu kuweka programu ya printa, mashine inakataa. Inaandika maneno mengi ya Kiingereza kwa skrini, na katikati yake kuna neno "policy", yaani kanuni. Mmoja anasema kompyuta imeingia virusi. Mwingine anasema tumeuziwa printa feki. Na wa tatu, huyu ndiye wa kuogopwa, anasema, "Ngojeni kidogo, mimi najua namna ya kuzima hiyo kitu."

Katika ukurasa huu tunataka kueleza hiyo kitu ni nini, kwa nini inagombana na printa kuliko vitu vingine, na mfanye nini siku ikiwakatalia. Tunaandika pia kwa sababu sisi wenyewe tulikosea mahali, kama mtakavyoona.

Yaliyotokea karibu na Kitale

Kikundi kimoja cha akiba na mikopo, si mbali na Kitale, kilikuwa na mkutano wake wa mwaka siku ya Jumamosi. Kila mwanachama alitakiwa apewe karatasi yake: akiba kiasi gani, mkopo kiasi gani, amelipa wapi amebakisha wapi. Siku ya Ijumaa alasiri printa ilikuwa bado haijatoa hata karatasi moja. Kompyuta yao inatumia aina ya Linux iitwayo Fedora. Printa ilikuwa ya zamani kidogo, lakini nzima.

Kijana wa mmoja wa wanachama, anayefanya kazi katika saiba mjini, alikuja kusaidia. Tunasema wazi kwamba kijana yule hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alitafuta programu ya printa kwenye intaneti. Ukurasa wa watengenezaji ulikuwa unavuta polepole, basi akaichukua mahali pengine palipoonekana kuwa nayo. Alipojaribu kuiweka, mashine ilikataa: saini ya programu haikubaliki kwa kanuni.

Hakusoma zaidi ya hapo. Akaifungua ile furushi la programu kwa mkono, akatoa faili zilizomo, akazihamisha mwenyewe hadi kwenye folda ya kuchapa. Akajaribu kuchapa. Mashine ikakataa tena, safari hii askari mwingine kabisa, anayeitwa SELinux. Saa zilikuwa zimekwenda, akina mama walikuwa wamekaa wakimtazama. Kijana akamzima SELinux moja kwa moja, akaandika na katika faili ya mipango ili asiamke tena hata kompyuta ikiwashwa upya. Printa ikanguruma, karatasi zikatoka, watu wakapiga makofi.

Sisi tulifika wiki tatu baadaye kwa kazi nyingine. Tulipoikagua ile kompyuta tukakuta lango liko wazi, askari wamelala wote, na ndani kuna programu ambayo hakuna mtu awezaye kusema imetoka kwa nani. Na katika kompyuta hiyo hiyo kulikuwa na majina ya wanachama wote, namba za vitambulisho, namba za simu, na madeni ya kila mmoja.

Mama mmoja akatuuliza swali rahisi tu: "Sasa orodha ya madeni yetu imetoka nje ama haijatoka?"

Hatukuwa na jibu. Si kwamba tuliona dalili ya wizi, hatukuona. Lakini mlango ukikaa wazi wiki tatu usiku na mchana, kutoona mwizi si sawa na kujua kwamba hakuingia. Ilibidi tuifute mashine yote na kuianza upya, tukarudisha hesabu kutoka kwenye daftari la karatasi, na mwenyekiti akawaeleza wanachama kilichotokea. Kazi ile ilichukua siku mbili na nusu. Kosa letu sisi ni kwamba tulipoileta kompyuta hapo mwanzo tulisema tu "msiguse mambo ya usalama", tukaondoka. Hatukueleza askari ni wa nini. Mtu asiyeelezwa sababu ya kufuli ataivunja siku akiwa na haraka.

Sanduku la kufuli tatu

Vikundi vingi vyetu vina sanduku la pesa lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mwenye ufunguo mmoja hawezi kufungua peke yake, hata akiwa mwenyekiti. Hakuna anayesema kwamba sanduku linatuchukia. Linafuata kanuni tuliyoiweka wenyewe.

Linux ndivyo ilivyo. Kuna kufuli zaidi ya moja, na kila moja ina kanuni yake. Programu ya printa inaweza kugongana na kufuli ya kwanza, au ya pili, au ya tatu. Skrini inasema "imekataliwa" kote kote, na watu wanadhani ni tatizo moja. Kumbe ni matatu.

Kufuli ya kwanza ni ruhusa ya mtu. Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuweka programu mpya wala kuongeza printa. Lazima awe mtu aliyepewa mamlaka hayo, na mashine itamwomba neno lake la siri. Hapa hatuna mengi ya kusema. Amueni katika kikundi ni watu wawili gani wenye mamlaka hayo, na msiwape wote. Mmoja peke yake pia haifai, maana siku akienda matanga Busia kazi itasimama.

Kufuli ya pili ni saini, na hii ina habari ndefu kidogo.

Alama ya dole gumba

Wazee wetu wengi wanatia sahihi kwa dole gumba. Tunaamini alama ile kwa sababu dole la mtu mmoja halifanani na la mwingine. Programu nazo zina alama ya namna hiyo. Hesabu maalumu inafanywa juu ya faili nzima, inatoka namba fupi, na mtengenezaji anatia saini yake juu ya namba hiyo. Mtu akibadilisha hata herufi moja ndani ya programu, namba haitalingana tena, na kompyuta itakataa.

Kwa miaka mingi hesabu iliyotumika zaidi iliitwa SHA-1. Ilitolewa Marekani mwaka 1995. Wataalamu walianza kuishuku mapema, na Februari 2017 watafiti wa taasisi ya CWI kule Amsterdam pamoja na wa Google walionyesha hadharani hati mbili tofauti zenye alama moja ya SHA-1. Ni kama kuonyesha watu wawili wenye dole gumba moja! Maana yake ni kwamba mjanja anaweza kutengeneza vitu viwili, kimoja kizuri na kimoja kibaya, akaomba saini kwa kile kizuri, kisha saini hiyo hiyo akaibandika kwa kile kibaya.

Tangu hapo walinzi wakaanza kukaza. Red Hat Enterprise Linux 9, iliyotoka Mei 2022, iliacha kukubali saini za SHA-1 kwa kawaida yake. Fedora 38, iliyotoka Aprili 2023, ikaweka mkaguzi mpya wa saini aitwaye Sequoia, ambaye anakataa saini za zamani za aina hiyo. Desemba 2022 shirika la viwango la Marekani, NIST, lilisema SHA-1 iwe imeachwa kabisa ifikapo tarehe 31 Desemba 2030.

Sasa, printa inaishi miaka mingi. Kampuni inatoa programu yake mara moja, inatia saini, inaweka kwenye ukurasa wake, halafu inasahau. Printa yako bado inachapa vizuri, lakini saini iliyo kwenye programu yake ni ya enzi za SHA-1. Unaileta kwa kompyuta yenye kanuni mpya, inakataliwa. Hapo hakuna mwizi, wala printa si feki. Ni hati halali yenye muhuri wa zamani mbele ya afisa aliyeambiwa muhuri ule umefutwa.

Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Programu iliyochezewa na mwizi nayo inakataliwa mlango ule ule. Kwa mtu aliye na haraka, kukataliwa kwa uzee na kukataliwa kwa udanganyifu ni kitu kimoja. Kijana wetu wa Kitale alipoona kukataliwa alidhani ni uzee tu. Labda ilikuwa uzee. Lakini programu ile hakuitoa kwa mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na njia ya kujua.

Askari asiyejali cheo

Kufuli ya tatu ndiyo wengi hawaijui. Katika Fedora na jamaa zake inaitwa SELinux, na katika Ubuntu inaitwa AppArmor. SELinux ilianzia katika Shirika la Usalama la Taifa la Marekani, NSA, likaitoa kwa watu wote Desemba 2000, na mwaka 2003 ikaingia katika Linux yenyewe. AppArmor imo katika Ubuntu tangu 2007. Majina ni tofauti, lakini wazo ni lile lile.

Askari huyu haulizi wewe ni nani. Anauliza: wewe ni programu gani, na unataka kugusa kitu gani? Fikirieni bohari ya mahindi, kama zile za bodi ya nafaka. Dereva wa lori anaruhusiwa kuingia uwanjani, anaruhusiwa kupakia, lakini haruhusiwi kuingia chumba cha hesabu. Hata akiwa ni ndugu wa meneja, hata akiwa na barua, soja wa mlango wa hesabu atamwambia: wewe ni dereva, rudi kwa lori lako.

Programu ya kuchapa ya Linux inaitwa CUPS. Inatumika tangu 1999, na inafanya kazi nyingi kwa wakati mmoja: inapokea kazi kutoka kwa watu, inasikiliza mtandao, inaongea na kebo ya USB, na inaita programu nyingine ndogo zigeuze barua yako iwe lugha ya printa. Sehemu yake kubwa inaendeshwa kwa uwezo wa mkuu wa kompyuta. Mtumishi wa namna hiyo, anayeongea na wageni wote huku ana funguo za nyumba, lazima achungwe sana. Ndiyo sababu ugomvi wa kanuni unatokea kwa printa kuliko kwa programu ya kuandikia barua.

Kuna watakaosema tunatisha watu bure. Basi tuwape mfano. Tarehe 26 Septemba 2024 mtaalamu mmoja Mwitaliano, Simone Margaritelli, alitangaza makosa kadhaa katika CUPS na wenzake. Sehemu moja, cups-browsed, ilikuwa imekaa ikisikiliza mlango namba 631 na kuamini ujumbe wa mtu yeyote aliyesema "mimi ni printa". Mbaya angeweza kujileta kama printa ya uongo, na siku mtu wa ndani akiipelekea kazi ya kuchapa, amri ya yule mbaya inafanya kazi ndani ya kompyuta. Makosa hayo yalirekebishwa, na kompyuta inayopokea marekebisho ya kila mara imeyapata. Hata hivyo inaonyesha kwamba mlango wa printa ni mlango kweli. Askari anayezuia mtumishi wa kuchapa asisome faili za hesabu ndiye angebaki amesimama siku hiyo.

Lebo

SELinux anafanya kazi yake kwa lebo. Kila faili ina lebo isiyoonekana kwa kawaida. Faili ya nyumbani kwa mtumiaji ina lebo ya nyumbani, faili ya mfumo ina lebo ya mfumo. Kanuni inasema mtumishi wa kuchapa anaweza kuendesha faili zenye lebo fulani tu.

Na hapa kuna jambo dogo ambalo limewaliza mafundi wengi. Ukihamisha faili kwa amri ya mv, inakwenda na lebo yake ya zamani. Ukinakili kwa cp, nakala mpya inapata lebo ya mahali ilipofika. Kijana wetu alifungua furushi katika folda ya nyumbani, akahamisha faili kwa mv. Faili ikafika mahali sahihi ikiwa bado imevaa lebo ya nyumbani. CUPS ilipotaka kuiendesha, SELinux akasema hapana, hiki ni kitu cha nyumbani kwa mtu, wewe huna kazi nacho. Na alikuwa sahihi!

Mnaona mnyororo ule? Askari wa saini alikataa. Kijana akapita kando yake. Kule kupita kando ndiko kulikozaa ugomvi wa pili, kwa sababu programu ikiwekwa kwa njia yake ya kawaida lebo huwekwa sawa yenyewe. Kisha ugomvi wa pili akautatua kwa kumfukuza askari wa pili. Kila hatua ilionekana ndogo.

Ugomvi wa lebo peke yake, kama faili yenyewe ni halali, unaisha kwa amri moja inayorudisha lebo sahihi:

sudo restorecon -Rv /usr/lib/cups

Hakuna haja ya kuzima chochote. Na mjue kwamba ukimzima SELinux kabisa, faili mpya zinazaliwa bila lebo. Siku ukitaka kumrudisha itabidi mashine ipitie faili zote na kuzibandika lebo upya, jambo ambalo kwa kompyuta ya zamani ni kazi ya kunywa chai na kula chakula cha mchana kabla haijaisha.

Mfanye nini sasa

Kwanza kabisa, kabla ya kwenda kwenye intaneti kutafuta chochote, angalieni kama programu ya printa yenu imo tayari katika ghala la Linux yenyewe. Vitu vya ghala hilo vimetiwa saini na wenye Fedora au wenye Ubuntu, kwa saini mpya, na lebo zake ziko sawa. Watu wengi wanaliruka ghala hili kwa mazoea ya Windows. Printa nyingi za HP zinahudumiwa na programu iitwayo HPLIP, iliyomo ghalani. Printa nyingi ndogo za leza za Brother zinahudumiwa na brlaser, nayo imo. Kule Kitale, tulipoianza mashine upya, ghala lilikuwa na programu iliyoifaa printa yao ile ile. Nusu saa tu, na hakuna askari aliyepiga kelele. Kijana alikaa kimya, halafu akacheka mwenyewe.

Printa nyingine za HP, kwa mfano LaserJet P1102, zinahitaji kitu cha ziada juu ya HPLIP ambacho kampuni hutoa bila kuonyesha kilivyotengenezwa. Kinaletwa kwa amri ya hp-plugin, nacho hukaguliwa saini kabla ya kuwekwa. Toleo lake lazima lilingane na toleo la HPLIP. Basi kompyuta ikisasisha HPLIP usiku, asubuhi printa inaweza kugoma, na watu wanasema askari amekataa. Hapo si askari. Rudieni hp-plugin.

Ikiwa ghalani hakuna, nendeni kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwa mtu wa tatu, hata ikichukua saa nzima kushuka. Tazameni kama ana toleo jipya zaidi, maana baadhi yao wametia saini upya. Kama lipo lile la zamani tu, na mna hakika limetoka kwake, linganisheni namba yake ya SHA-256 na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wake, kama ameiandika. Kisha ruhusuni furushi lile moja, mara ile moja. Msiteremshe kanuni ya saini ya kompyuta nzima. Vijana wengi wanapenda njia hiyo ya kuteremsha kwa sababu ni amri moja fupi, lakini ni sawa na kutangaza kwamba kuanzia leo muhuri wowote wa zamani unakubaliwa, kwa printa na kwa kila kitu kitakachokuja. Kama mtu aliwahi kuwafanyia hivyo, andikeni:

update-crypto-policies --show

Kwa Fedora ya kawaida jibu linatakiwa kuwa DEFAULT. Likiwa LEGACY, kuna mtu ameteremsha kanuni na hakuirudisha.

Ikiwa mnashuku ni SELinux, ulizeni kwanza kama yuko macho, kwa amri ya getenforce. Jibu jema ni Enforcing. Halafu msome alichoandika, maana huyu askari ana daftari la zamu na anaandika kila anayemrudisha:

sudo ausearch -m avc -ts recent

Mstari utakaotoka unatisha, lakini tafuteni mambo matatu tu: nani alizuiwa, alitaka kufanya nini, na kitu alichotaka kina lebo gani. Kwa kijana wetu yaliandikwa yote: mtumishi cupsd_t, alitaka kuendesha, kitu chenye lebo user_home_t. Yaani jibu lilikuwa limekaa pale tangu Ijumaa ile.

Kwa Ubuntu, AppArmor anaandika mistari yenye neno DENIED, nayo huonekana hivi:

sudo journalctl -k | grep DENIED

Kikundi kimoja cha Bungoma kilifanya hivyo wenyewe, bila sisi. Walikuta mtumishi wa kuchapa amezuiwa kusoma faili moja ya programu ya printa iliyowekwa mahali pasipo pa kawaida. Hawakumzima AppArmor. Walimweka aangalie bila kuzuia kwa CUPS peke yake, kwa amri ya aa-complain, wakachapa ukurasa mmoja wakathibitisha kwamba kweli shida ni hiyo. Fundi wao akaongeza ruhusa ya faili ile moja katika kanuni, kisha wakamrudisha kazini kwa aa-enforce. Katibu wao, mwalimu mstaafu, aliandika yote hayo katika kitabu cha mali ya kikundi, na tarehe. Tulipoona ukurasa ule tulifurahi kuliko tulivyofurahia printa.

SELinux naye ana njia ya namna hiyo, ya kumlegeza kwa mtumishi mmoja tu wakati mnatafuta shida ilipo. Na kama ni lazima kumlegeza kote kwa dakika chache za kupima, kuna setenforce 0, ambayo inaisha yenyewe kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Tunaitaja kwa shingo upande. Kupima dakika tano si dhambi, taabu ni watu kusahau kwamba bado wanapima.

Kuhusu kununua

Siku hizi printa nyingi mpya haziitaji programu ya kampuni kabisa. Zinaongea lugha ya pamoja, IPP Everywhere au AirPrint, na CUPS inazielewa moja kwa moja. Watengenezaji wa CUPS wenyewe wameshasema kwamba programu za kila printa zitaachwa katika matoleo yajayo. Kwa hiyo mkitaka kununua, bebeni kompyuta yenu mpaka dukani, chomekeni kebo, chapeni karatasi moja palepale. Ikichapa bila kuweka kitu, hamna haja ya sehemu kubwa ya makala haya. Muuzaji akikataa kuwapa nafasi ya kujaribu, kuna duka lingine mtaa wa pili. Na hiyo printa ya bei nafuu sana ambayo mtu anauza kwa sababu "inasumbua kidogo", ulizeni inasumbua vipi.

Orodha ya wanachama

Jambo la mwisho, na wengine hawalipendi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 haikuandikwa kwa mabenki peke yake. Anayekusanya majina, vitambulisho na madeni ya watu ana wajibu wa kuyatunza. Habari za watu zikifikiwa na asiyehusika, na kukiwa na hatari ya kweli ya kuwadhuru, Kamishna wa Ulinzi wa Data anatakiwa aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mjue. Kikundi cha Kitale hakikuwa na uhakika wa kitu chochote, na hiyo ndiyo iliyowatesa zaidi. Mama aliyetuuliza swali lile aliendelea kuweka akiba, lakini kwa miezi miwili alikataa deni lake liingizwe kwa kompyuta. Liliandikwa kwa kalamu, katika daftari, na hatukumlazimisha.

Mkipata shida ya namna hii, msituambie tu kwamba "mashine imekataa". Tuleteeni maneno yenyewe ya kwenye skrini, yote, hata yale yasiyoeleweka. Picha ya simu inatosha, mradi isiwe na ukungu. Andikeni ni Linux gani na toleo gani, jina na namba ya printa jinsi ilivyo kwenye kibandiko cha nyuma, na programu mmeitoa wapi. Na kama kuna mtu ameshazima kitu kabla ya kutuita, tafadhali andikeni hilo mstari wa kwanza. Hatutamgombeza mtu.